Kubadili Kampuni Bila Kujua Ugonjwa



Usiku mmoja wa mwezi wa saba, mwanangu, mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Lubumbashi, alikuwa na kazi ya kumtumia mwalimu wake kabla ya saa sita usiku. Saa mbili na nusu intaneti ya nyumbani ikakatika. Nilimgeukia papo hapo. Nilimwambia kwamba amekula mega zote kwa kutazama video, na kwamba vijana wa leo hawajui thamani ya dola ishirini. Hakujibu neno. Alichukua kompyuta yake, akatoka gizani kwenda kwa rafiki wa mtaa mwingine. Mama yake hakulala. Kijana alirudi alfajiri. Kazi ilikuwa imefika, lakini kwa kuchelewa.

Kesho yake nilikwenda kwa wakala kuulizia hesabu. Zaidi ya nusu ya mega ilikuwa ingali pale.

Mimi ninayefundisha amri ya nane kila Jumamosi nilikuwa nimemsingizia mtoto wangu. Hata hivyo sikumwomba msamaha. Niliihamishia kampuni hasira yangu, nikanunua modemu ya kampuni nyingine, nikalipa mwezi mzima kabla ya kuijaribu hata siku moja. Juma la pili, saa mbili na nusu za usiku, mtandao mpya ukakatika kama ule wa zamani.

Hapo ndipo kijana aliponiambia kwa sauti ya chini: «Baba, kampuni zote mbili zimetundika vifaa vyao kwenye mlingoti mmoja.» Alikuwa amekwisha kuuchunguza. Mlingoti huo uko ng'ambo ya soko, kwenye laini nyingine ya umeme. Ndiyo maana taa zetu ziliendelea kuwaka wakati wenyewe umezimika. Umeme wake ukikatika, betri hushika kwa muda mfupi, kisha jenereta hupaswa kuanza. Mazutu ikichelewa kuletwa, mtaa mzima hukosa mtandao. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akajibu: «Ulikuwa umekwisha kuamua.»

Jibu hilo limeniuma kuliko dola nilizopoteza. Aliyejua chanzo cha taabu alikuwa akila nami meza moja, nami nilimfunga kinywa kwa makelele yangu.

Wazee walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Siwaambii mvumilie huduma mbovu. Kuiacha kampuni isiyotimiza ahadi ni haki ya anayelipa. Ninalosema ni kwamba kubadili bila kuuliza ni kubahatisha. Intaneti hupita njia ndefu kabla ya kufika chumbani mwenu, na inaweza kukatika popote katika njia hiyo. Mwezi wa Agosti 2023, maporomoko ya matope chini ya bahari, katika bonde refu lililo mbele ya mdomo wa Mto Kongo, yalikata nyaya mbili kubwa, WACS na SAT-3, na nchi kadhaa za Afrika zikaona mtandao wao ukidhoofika. Siku kama hizo, kuhama toka kampuni hadi kampuni hakusaidii sana ikiwa zote zinategemea waya uleule. Lakini tatizo likiwa ni mlingoti wa mtaa, dawa yake ni nyingine. Na likiwa ni modemu iliyowekwa nyuma ya kabati la chuma, dawa haigharimu hata franka moja.

Kwa hiyo, fanyeni kama tulivyofanya sisi baadaye. Chukueni daftari, kwa majuma mawili andikeni siku, saa, na kama umeme ulikuwapo. Waulizeni majirani wanaotumia kampuni nyingine. Azimeni kadi ya simu ya rafiki, mkaijaribu nyumbani usiku, saa ile watu wengi wanapotumia mtandao, kabla ya kununua chochote. Msilipe mwezi mzima mara ya kwanza. Tena msilalamike mmoja mmoja: nyumba kumi na moja za mtaa wetu zilitia sahihi barua yenye tarehe na saa zote. Jibu halijafika. Likizidi kuchelewa, tutaipeleka nakala ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini.

Kampuni nazo zina deni kwetu. Anayeuza forfe ya mwezi mzima anapaswa kumwambia mnunuzi ukweli: mlingoti uko wapi, unashika muda gani umeme ukikosekana, na siku zilizopotea zitafidiwa vipi. Ukimya wao ndio unaozaa ugomvi nyumbani mwetu.

Nilimwomba mwanangu msamaha mbele ya mama yake. Sasa daftari ni lake, nami humwuliza kabla sijafungua mkoba. Mtandao bado hukatika, lakini hajatoka tena usiku na kompyuta mkononi: kazi yake huituma mchana.