Jina la Studd na majina yetu



Juzi katika kalasi yetu tulibishana. Mwenzetu mumoja aliuliza: sababu gani katika historia ya Kanisa majina ya wazungu yanarudi kila mara, na ya watu wetu hatuyaoni? Mwingine akajibu kwamba wazungu wote ni jamaa moja. Tulicheka, lakini niko na jibu lingine.

Studd ni jina la watu wachache, hata kwao Uingereza. Ndugu watatu walilijulisha: George, Charles na Kynaston. Mumoja nyuma ya mwingine walikuwa kapiteni wa timu ya kriketi ya Cambridge, 1882, 1883 na 1884. (Kriketi ni mchezo wa ubao na mpira mudogo, sisi huku hatuuchezi.) Kynaston akawa Meya wa London mwaka 1928. Charles ndiye aliyekuja kwetu mwaka 1913, akaanza kazi Niangara, akafa Ibambi mwaka 1931. Watu walimwita Bwana Mukubwa.

Alifuatana na kijana Alfred Buxton. Baba ya babu yake, Thomas Fowell Buxton, ndiye aliyesimama katika Bunge la Uingereza mpaka sheria ya 1833 ikavunja utumwa katika makoloni yao. Unaona? Jina linashikana kama kamba, unalivuta tu.

Kwetu mutoto anapewa jina lake mwenyewe. Mimi, baba na babu tuko na majina matatu mbalimbali. Tena mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kigeni, na mutu aliyeandikwa Yohana katika buku la ubatizo akaandikwa jina lingine katika karatasi za Leta. Nani atamufuata huyo?

Wengine wanasema basi tuige wazungu. Mimi sikubali. Charles Studd aliacha mabinti wane, wote wakachukua majina ya mabwana zao. Edith akawa Buxton. Jina la Studd likaisha ndani ya nyumba yake mwenyewe! Kamba yao inawatupa wanawake.

Kinachokosa kwetu ni kuandika. Studd alitafsiri Agano Jipya katika Kingwana. Lazima kulikuwa na mutu aliyemwambia, "Hapana Bwana, sisi hatusemi hivyo." Mutu huyo ni nani? Wajukuu wake pengine wako wanasoma pamoja nasi.

Ninaomba Bwana Prefe atupe kaye moja katika biblioteki. Kila mwanafunzi aandike humo babu na bibi zake, kijiji chao na kazi waliyofanya. Miye nilianza wakati wa vakansi. Nilimuuliza baba jina la mama ya babu. Alifikiri sana, kisha akasema, "Sisi tulikuwa tunamwita Koko tu."

Mwanafunzi wa kalasi ya 5