Taa za kuoteshea miche: Faida haiko kwenye ukali wa mwanga

Kwa mkazi wa mjini anayepanga chumba kimoja au viwili, au mfanyabiashara mwenye fremu isiyo na uwanja, taa za LED za kuoteshea mimea zimeleta nafasi ambayo zamani haikuwapo. Rafu moja ya ngazi mbili, trei chache za mbegu na taa juu yake vinatosha kukuzia miche ya nyanya, kabichi na pilipili hoho ya kuwauzia wakulima, au majani machanga ya figili na giligilani ya kupeleka hotelini. Ni shughuli ambayo mtu anaweza kuianza bila kumiliki hata robo eka.

Hata hivyo, fikra kwamba taa kali zaidi ndiyo yenye faida zaidi inawaponza wengi. Mnunuzi huangalia namba ya wati iliyoandikwa kwenye boksi, huchukua yenye namba kubwa kuliko zote, huining'iniza sentimeta chache juu ya trei na kuiwasha usiku na mchana. Baada ya muda mfupi kingo za majani zimekauka, chumba kina joto la tanuri na uniti za LUKU zimekwisha kabla ya mwezi kufika mwisho. Katika eneo finyu, kazi kubwa ya mkulima ni kuupima mwanga na kuupunguza hadi kiasi ambacho mmea unaweza kukitumia. Mwanga unaozidi hapo ni fedha inayoteketea.

Wataalamu hupima mwanga wa mimea kwa mikromoli zinazofika kwenye mita moja ya mraba kwa kila sekunde. Jua la saa sita mchana lisilo na mawingu hutoa karibu mikromoli 2,000. Miche na majani machanga havihitaji hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho, kwani 100 hadi 150 huvitosha vikipata mwanga kwa saa 12 hadi 16 kwa siku. Saladi inayokuzwa hadi kuvunwa huhitaji kama 200 hadi 250. Nyanya inayotakiwa kuzaa matunda huhitaji zaidi ya 400, na hapo ndipo hesabu ya chumbani inapokataa. Nyanya ioteshwe ndani, kisha izoeshwe jua kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja hivi na kupelekwa shambani, ambako mwanga haulipiwi.

Vipimo maalumu vya mwanga wa mimea ni ghali, lakini mkulima mdogo hana sababu ya kukata tamaa. Zipo programu za simu zinazopima mwanga kwa luksi. Kwa taa nyeupe za LED, luksi zikigawanywa kwa 70 hupatikana makadirio ya mikromoli. Hivyo, simu ikilazwa pale majani yalipo na kuonyesha luksi 7,000 hadi 10,000, miche ina mwanga wa kutosha. Saladi itahitaji 14,000 hadi 17,000. Simu hazifanani, na hesabu hii haifai kwa taa za rangi ya zambarau, lakini makadirio ni bora kuliko kubahatisha.

Jambo la pili ni namba zinazoandikwa kwenye maboksi. Taa nyingi zinazotangazwa kuwa na wati 1,000 hutumia umeme wa wati 100 au 200 tu. Wauzaji hudai kwamba namba hiyo kubwa ni ya taa ya zamani inayolinganishwa na hiyo mpya, au ni jumla ya uwezo wa vitaa vyote vidogo endapo vingewashwa kwa nguvu zao zote. Kwa mnunuzi, maelezo hayo hayana msaada. Anachotakiwa kujua ni umeme unaotumika hasa na mwanga unaotoka. Taa nzuri hutoa mikromoli 2.5 au zaidi kwa kila wati moja, ilhali za bei rahisi hutoa 1.5 au pungufu. Maana yake ni kwamba taa mbili zinazotumia umeme sawa zinaweza kupishana sana kwa mwanga.

Njia ya kuibaini taa ya uongo ipo ukutani kwa kila mwenye mita ya LUKU. Vifaa vingine vyote vizimwe, taa iwashwe kwa saa 10, kisha uniti zilizotumika zisomwe. Ikitumika uniti moja, taa hiyo ni ya wati 100, hata boksi likisema vinginevyo.

Hesabu ya umeme ndiyo inayoamua kama shughuli hii ni biashara au ni mapambo. Chukulia rafu yenye upana wa sentimeta 60 na urefu wa sentimeta 120. Taa nzuri ya wati 75 inaitosha hata kwa saladi. Ikiwashwa saa 16 kwa siku, hutumia uniti 1.2, sawa na uniti 36 kwa mwezi wa siku 30.

Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016 na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo hulipa Sh100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na Sh350 kwa kila inayozidi, kabla ya kodi na tozo. Kaya iliyokuwa ikitumia uniti 60, ikiongeza 36 za taa, inafikia 96. Uniti 15 za kwanza za taa zitagharimu Sh1,500, lakini 21 zilizovuka mpaka zitagharimu Sh7,350. Jumla ni Sh8,850 kwa rafu moja.

Sasa mkulima huyo aamue kukuza miche na majani machanga peke yake, ashushe nguvu ya taa hadi wati 50 na kuiwasha saa 12. Matumizi yanakuwa uniti 18 kwa mwezi. Kaya inafikia uniti 78, na ni tatu tu zinazovuka mpaka. Gharama ya taa inashuka hadi Sh2,550. Matumizi ya umeme yamepungua kwa nusu, lakini gharama imepungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Kwa biashara inayouza trei za miche na vifungu vya majani, tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo faida yenyewe.

Kwa sababu hiyo, taa yenye kitufe cha kupunguza mwanga ni bora kuliko taa kubwa isiyo nacho. Isipokuwa nacho, kamba mbili za kuipandisha na kuishusha zitasaidia, kwani mwanga hupungua kadiri taa inavyokwenda mbali na majani. Tatizo ni kwamba kuinua taa hakupunguzi umeme unaotumika, na mwanga mwingi huishia ukutani. Aliye na kitufe apunguze nguvu kwanza, na kamba ziwe za kurekebishia. Aidha, kuta zilizopakwa rangi nyeupe, au maboksi yaliyofunikwa karatasi nyeupe na kusimamishwa pembeni mwa rafu, hurudisha kwenye majani mwanga ambao ungepotea. Hilo haligharimu hata uniti moja. Swichi ya saa inayowasha na kuzima taa yenyewe nayo hurudisha bei yake haraka, kwa kuwa binadamu husahau.

Joto nalo lisidharauliwe. Ni kweli kwamba LED haichomi kama balbu za zamani, lakini umeme wote unaoingia kwenye taa huishia kuwa joto ndani ya chumba. Taa ya wati 100 huongeza joto karibu sawa na la mtu mmoja aliyeketi humo. Katika chumba kidogo cha Dar es Salaam mwezi Februari, taa tatu ni sawa na wageni watatu wasioondoka. Mbegu za saladi hugoma kuota joto likizidi nyuzi 30 hivi. Ni vyema saa nyingi za mwanga ziwe za usiku, wakati hewa imepoa, na feni ndogo ipulize kwa mbali ili kuondoa unyevu unaoleta ukungu na kuozesha shina. Nyaya na soketi zikae juu, mbali na maji ya trei.

Mimea yenyewe husema ikiwa mwanga umekosewa. Miche inayorefuka haraka, yenye shina jembamba, rangi iliyofifia na kuanguka ovyo, imekosa mwanga. Ile yenye majani ya juu yaliyopauka, yaliyojikunja au kukauka kingo huku ya chini yakiwa mazima, imezidishiwa mwanga au joto. Wengi wakiiona hali hii ya pili huongeza mbolea au maji, na hapo huizidishia mimea matatizo. Kwanza taa ipunguzwe, isubiriwe siku mbili tatu, ndipo mengine yafuate.

Wapo watakaosema kwamba teknolojia hii ni ya mataifa tajiri yenye mitaji mikubwa. Ukweli ni kwamba hata huko mwanga wa kununua umewashinda baadhi yao. Nchini Marekani, kampuni ya AeroFarms iliyokuwa ikikuza mboga za majani chini ya taa iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Juni 2023, na Bowery Farming ya New York ilifunga shughuli zake Novemba 2024. Kilimo cha aina hiyo hubeba gharama kubwa za majengo, mitambo na umeme, kisha bidhaa yake huenda kushindana sokoni na mboga iliyokuzwa kwa jua la bure. Mkulima mdogo wa Afrika Mashariki ana nafuu moja ambayo kampuni hizo hazikujijengea: anaweza kuitumia taa kwa wiki mbili au tatu za mwanzo tu, kisha akaliachia jua kazi iliyobaki.

Wakati umefika kwa wauzaji wa taa hizi kuandika kwenye boksi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, wati zinazotumika kwa kweli, kiasi cha mwanga unaotoka na ukubwa wa eneo linaloweza kuhudumiwa. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na Tume ya Ushindani (FCC) wana wajibu wa kuhakikisha namba zinazomfikia mnunuzi si za kubuni. Mkulima akiuziwa mbegu feki hulalamika na kusikilizwa. Anayeuziwa wati feki naye astahili kusikilizwa. Maofisa ugani wa manispaa na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) wanaweza kuwafundisha vijana hesabu hizi ndogo kabla hawajachukua mkopo, badala ya kusubiri mkopo ushindikane kulipika.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, hatua ya kwanza haihitaji fedha. Kabla ya kununua taa ya pili, apime ile ya kwanza, asome mita yake na aandike kila mwezi uniti zilizotumika kwa kila trei iliyouzwa. Uniti hizo zikipungua na miche ikabaki imara, ameshaanza kupata faida. Zikipanda huku mauzo yamesimama pale pale, taa ya pili itamwongezea deni tu.