Presha ya Kitandani Nayo Ipimwe

Katika zahanati zetu presha hupimwa mgonjwa akiwa ameketi. Kipimo kikiwa kizuri huambiwa aende nyumbani. Kwa maoni yangu wapo watu tunaowaacha, na tungeweza kuwagundua bila kununua chombo kipya.

Septemba 2023 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya watu 11,369 waliopimwa wakiwa wameketi na wakiwa wamelala chali, kisha wakafuatiliwa kwa miaka zaidi ya 25. Kati ya wale ambao presha yao ya kuketi haikuwa juu, 16 katika kila 100 walipolala ilifika 130/80 au kuzidi. Kwa wenye presha ya juu katika mikao yote miwili, hatari ya kupata ugonjwa wa moyo ilikuwa mara 1.6 ya wale wasio na presha katika mkao wowote. Kiharusi, na moyo kushindwa kusukuma damu, ilikaribia maradufu. Wale ambao presha yao ilikuwa juu wakilala tu walikuwa na hatari inayokaribiana na hiyo, nao ndio tunaowaambia, "Mama, huna tatizo."

Wauguzi wenzangu watasema foleni ni ndefu. Ni kweli, tena kitanda cha kupimia mara nyingi kimejaa mafaili. Lakini sisemi kila mtu alazwe. Tuanze na mwenye kisukari, yule ambaye mzazi wake alipatwa na kiharusi, na mzee anayeona kizunguzungu akisimama. Huyo mzee hasa ana kazi: presha yake yaweza kushuka anaposimama na kupanda anapolala, hivyo kumwongezea au kumpunguzia vidonge kwa kipimo kimoja tu ni kubahatisha. Apelekwe kwa daktari.

Mgonjwa alale dakika 5 bila kuzungumza, mkono uinuliwe kidogo kwa shuka lililokunjwa ili uwe usawa wa moyo. Mama mwenye mimba kubwa asilazwe chali kamwe, maana tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Alale ubavu wa kushoto.

Bado haijathibitishwa kwamba kutibu presha ya kulala peke yake huzuia kiharusi, kwa hiyo msikimbilie duka la dawa. Ila siku ya kliniki omba upimwe mara mbili, na kwenye kadi muuguzi aandike pia mkao: ameketi, au amelala.