Tahadhari Kabla ya Hatari

Wako wenzetu wanaoshikilia kwamba ilani za matengenezo katika makala za Wikipedia zishushwe hadi chini ya ukurasa, au zihamishiwe kwenye ukurasa wa majadiliano. Wanadai kuwa ilani iliyo juu huharibu sura ya makala na kumfedhehesha aliyejitolea kuiandika. Dai hilo tunalipinga.

Kamusi elezo hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2001 na kupata toleo la Kiswahili mwaka 2003, huandikwa na yeyote apendaye. Huo ndio ubora wake, na ndio udhaifu wake pia. Makala isiyo na ushahidi wowote yaweza kupangwa vizuri sawasawa na ile iliyothibitishwa, na msomaji mgeni asitambue tofauti mpaka aonywe. Mwanafunzi wetu, ambaye shuleni kwake vitabu vya Kiswahili ni haba, husoma aya ya kwanza, akainakili daftarini, akaondoka. Ilani iliyo mkiani haioni; iliyo katika ukurasa wa majadiliano hajui hata kama ipo. Je, nani awekaye kibao cha daraja bovu ng'ambo ya mto?

Hata hivyo, hatusemi kila ilani ipande juu. Ile imwambiayo msomaji kuwa habari hizi hazina vyanzo, au zimeegemea upande mmoja, ni tahadhari. Mahali pake ni kabla ya neno la kwanza. Ile imwitayo mwandishi aje aongeze maelezo ni wito wa kazi. Nayo na ikae chini, kama ikaavyo ilani ya "mbegu" ikaribishayo watu kuikuza makala fupi. Anayezirundika zote juu humchosha msomaji, hata asiitazame ile imhusuyo.

Tena, mwenye kubandika ilani hana budi kutia tarehe na kuieleza kasoro katika ukurasa wa majadiliano, ili atakayeirekebisha apate kuiondoa. Ilani isiyo na sababu ni lawama tupu.

Ama kuhusu fedheha, sisi walimu husahihisha insha kwa wino mwekundu pale pale penye kosa, wala hatungoji jalada la nyuma. Heri mwandishi mmoja aone haya siku moja, kuliko darasa zima kufunzwa uongo mwaka mzima.