Kazi na Maisha: Ndoana Nilizonunua Nakasero

Mwezi uliopita tuliongea juu ya jiko la udongo, na wengi mmeniambia limewapunguzia kuni. Asanteni kwa kujaribu. Mwezi huu nataka tuongee juu ya samaki, na hasa kuvua kwa mshipi na ndoana. Mimi siyo mvuvi. Mwezi wote huu nimekuwa mwanafunzi, na waliyonifundisha wengine ndiyo ninawaletea hapa.

Mambo yalianza darasani. Mvulana mmoja wa P5 alikuwa analala kila asubuhi, kichwa juu ya daftari. Siku ya tatu nikamuuliza kwa upole, akasema usiku anaenda ziwani na baba yake. Wanavua na nini? Akainama, akasema: "Na chandarua, mwalimu."

Tusidanganyane, wengi tunalijua jambo hili. Chandarua tuligawiwa kwa ajili ya malaria, lakini tundu zake ni ndogo sana, kinakokota hata samaki walioanguliwa juzi. Dawa iliyowekwa ya kuua mbu nayo inaingia majini. Na nyumbani kwa huyo mvulana mdogo wake wa miaka mitatu alikuwa analala bila chochote. Mwezi huo alipelekwa kituo cha afya mara mbili kwa homa.

Jioni nikaenda kumuona mzee. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, yeye akakaa juu ya dumu. Nikamueleza taratibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Mwalimu, maneno yako ni ya kweli. Sasa niambie, watoto wangu watakula kitabu?"

Nikanyamaza. Mgao wa chakula ulianza kupunguzwa mwaka 2020, na mwaka 2025 familia nyingi Uganda ziliondolewa kabisa kwenye orodha. Kila nyumba inajua hesabu yake. Nikamwambia: "Mzee wangu, sikuja kukuhukumu. Hata kwetu, mwaka tuliofika, chandarua kimoja kiliishia ziwani." Akacheka kidogo. Kumbe yeye ni mvuvi wa tangu utoto, wa upande wa Baraka kule Fizi, amevua ndakala kwa taa usiku katika ziwa Tanganyika. Akasema: "Niletee ndoana nzuri, na mimi nitarudisha chandarua kitandani." Tukapeana mkono.

Kamati ya wazazi ikachanga shilingi 30,000. Mimi nilikuwa naenda Kampala kufuata vitabu vya shule, basi nikapewa na kazi hiyo.

SOKONI NAKASERO

Kutoka kwetu Nakivale mpaka Mbarara, halafu basi mpaka Kampala, ni siku nzima ya mavumbi na usingizi. Asubuhi nikapanda kwa miguu kwenda Nakasero. Kama hujafika, Nakasero ni kilima katikati ya mji. Juu kuna mahoteli, maofisi na nyumba za balozi, chini kuna soko: nanasi, maembe, kuku, viungo, na samaki kwenye meza.

Mama mmoja muuza samaki aliniona nikizubaa mbele ya sangara mkubwa kama mtoto wa P1. Akaniuliza kwa Kiganda, nikajibu kwa Kiswahili, akageuza lugha bila shida. Nikamuuliza anatoka wapi huyu, akasema ziwa Victoria, kupitia Ggaba. Nyama safi isiyo na mifupa inapanda juu kwenye mahoteli au inaenda ng'ambo. Kichwa na mgongo wazi ndivyo wanavyonunua watu kama mimi. Nikanunua mgongo wazi wa kukaanga, nikala nimesimama.

Wajua, sangara siyo mwenyeji wa ziwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950, akatolewa sehemu kama ziwa Albert. Ndugu zetu wa Ituri wanamjua sana, wao wanamuita kapiteni. Ni huyo huyo. Alipoingia Victoria alikula furu, wale samaki wadogo ambao Waganda wanawaita nkejje, mpaka aina nyingi zikapotea kabisa. Mama akasema ziwa haliharibiwi na samaki peke yake. Akanikumbusha mwaka 1999, nchi za Ulaya zilipokataa samaki wa Victoria kwa sababu watu walikuwa wanamwaga sumu majini ili wavue haraka. Akasema: "Wachache walimwaga sumu, lakini njaa tuliila sote." Maneno hayo nimekuja nayo mpaka hapa.

Akanielekeza duka dogo la vifaa vya uvuvi huko chini. Ukutani kulikuwa na samaki wa plastiki wenye rangi, kila mmoja ana ndoana mbili za meno matatu matatu. Nikauliza bei, nikashtuka, kimoja tu kingemeza karibu pesa yote ya wazazi. Muuzaji akanieleza kwamba vile ni vya watalii. Wanaenda navyo kama kule Murchison Falls, wanarusha na fimbo yenye gurudumu la kukunja mshipi, wanavuta, na sangara anafikiri ni samaki aliyeumia. Wakimpata wanapiga picha, wanamrudisha majini. Nikasema moyoni, kweli dunia ina watu wa namna nyingi.

Lakini jambo lenyewe lina maana. Kuna samaki wanaowinda kwa macho na kufukuza kitu kinachokimbia. Sangara ni wa namna hiyo. Kule Kenya, ziwa Naivasha, kuna mwingine anaitwa besi, mwenye mdomo mpana, aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, naye anavuliwa kwa chambo cha bandia vile vile. Samaki wetu wa kutegemea hapa ni ngege, kambale na kamongo, na hao hawahitaji kitu cha kung'aa. Wanataka chakula.

Basi nikanunua vitu vya kawaida: ndoana ndogo za ngege, ndoana kubwa kidogo za kambale, mshipi wa nailoni wa unene wa aina mbili, na vipande vya risasi vya kuzamisha. Muuzaji akanifundisha kitu kimoja ambacho kingenipoteza: kwenye ndoana hizi za kawaida namba ikipanda, ndoana inakuwa ndogo. Namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Ukimtuma mtoto dukani mwambie hivyo, asilete kinyume.

NAMNA YA KUFUNGA

Mzee alipoziona alizipima moja moja kwenye ukucha. Ndoana kali inashika ukucha, butu inateleza. Butu inanolewa kwenye jiwe laini, haitupwi.

Halafu akanifundisha fundo. Pitisha mshipi kwenye tundu la ndoana. Chukua ile ncha, izungushe kwenye mshipi mrefu mara tano au sita. Rudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilichobaki karibu na tundu. Lowesha kwa mate, kwa sababu nailoni ikivutwa kavu inapata moto na kukatika. Vuta polepole mpaka likaze. Mimi lilifunguka mara nne. Yule mvulana wake alifunga la kwanza bila kuangalia, akanitazama kama mimi ninavyowatazama wao kwenye hesabu.

Risasi ikae kama shubiri moja juu ya ndoana. Ukikosa risasi, kijiwe chenye mfereji kinatosha. Kwa kuvua ngege weka na kiboya, hata kipande cha ndala ya zamani. Kikitingishika kidogo usivute, ngege anaonja. Kikizama au kikikimbia pembeni, ndipo uvute, kwa mkono, siyo kwa mwili wote.

CHAMBO NA SAA

Ngege: minyoo ya udongo, au kidonge cha posho ngumu. Asubuhi mapema na jioni, karibu na majani ya majini lakini siyo ndani yake.

Kambale: huyu anatafuta kwa kunusa na kwa zile ndevu zake. Utumbo wa kuku au kipande cha samaki, chini kabisa kwenye tope. Anakula zaidi usiku. Mzee anatega mshipi jioni, anaufunga kwenye mti, anaurudia kukipambazuka. Kwa hiyo mvulana analala nyumbani. Jambo hili peke yake limenirudishia mwanafunzi.

Kamongo: hapa tuelewane lugha. Waganda wanamuita mamba. Mwenyeji mmoja alipopaza sauti "mamba!" watoto wangu wawili walikimbia mpaka barabarani, kumbe mzee wa watu alikuwa anafurahia kitoweo. Lakini kamongo naye ana meno, anaweza kukuumiza kidole. Usimtoe ndoana akiwa hai. Na ukimpelekea jirani Mganda uliza kwanza, kwa sababu wa ukoo wa Mmamba hawamli.

RULA YA SHULE

Sheria ya Uganda inasema ngege asipungue sentimita 28, na sangara asipungue sentimita 50. Wengi wanauliza, mvuvi atapata wapi kipimo? Kipo nyumbani kwenu. Rula ya mtoto ina sentimita 30. Mlaze samaki kutoka mdomo mpaka mwisho wa mkia. Asipofika 28, loweka mkono, mshike, mrudishe polepole.

Najua ni vigumu. Jumamosi ya kwanza tulipata ngege watano, watatu hawakufika. Nikatoa rula. Mzee akaniangalia, akaangalia sufuria, akaangalia ziwa. Hakusema kitu. Akawarudisha yeye mwenyewe, mmoja mmoja. Usiku ule nyumba yenye watu saba ilikula samaki wawili, na mimi nilikataa sahani yangu kwa kusingizia tumbo. Naandika hili ili msifikiri natoa mafundisho nikiwa nimeshiba.

Sababu ya kuwarudisha ni hii: ndoana inachagua, chandarua hakichagui. Ngege anabeba mayai na watoto mdomoni mwake. Ukimvua kabla hajakua, umekula na wa mwakani.

HATARI

Ziwa letu lina viboko na lina mamba wa kweli. Usiingie majini kufungua ndoana iliyonasa, kata mshipi. Ndoana ni pesa kidogo, mguu hauuzwi Nakasero. Usisimame kwenye njia ambayo kiboko anapitia akitoka kula majani jioni. Mtoto asiende peke yake kamwe.

Ndoana ikikuingia kwenye kidole mpaka lile jino la ndani, usiivute kurudi nyuma, inachana nyama. Nenda kituo cha afya.

Na kabla ya yote, nendeni mwaloni mkaulize kamati. Tangu mwaka 2017 jeshi lilipotumwa kwenye maziwa ya Uganda, watu wengi walikamatwa na nyavu zao zikachomwa. Usiseme "ni mshipi tu". Uliza unaruhusiwa kuvua wapi na kwa kibali gani, na mkubwa mmoja aandikishe jina kwa niaba ya kikundi. Kokoro, sumu na chandarua, hivyo usiulize. Haviruhusiwi.

TULIPOFIKIA

Sasa ni wiki nne. Kuna siku tumepata kambale wa kugawana nyumba tatu, kuna siku tumerudi na minyoo yetu. Ndoana sita zimepotea. Chandarua kimeshonwa matundu, kipo juu ya kitanda cha yule mdogo. Nilikwenda kukiona kwa macho yangu.

Juzi mzee aliniambia ukweli wake: "Mwalimu, nimeshika neno. Lakini ziwa likininyima wiki mbili mfululizo, sijui nitafanya nini." Sikumjibu kwa hasira, kwa sababu hata mimi ningesema hivyo. Nikamwambia wiki hizo mbili zikija, asikate chandarua, aje aniite kwanza. Halafu nikaenda kuwaambia wazazi wa kamati. Tumekubaliana kwamba kila nyumba inayopewa ndoana ikipata samaki zaidi ya watatu, mmoja unaenda kwa nyumba iliyokosa. Nyumba tano zimeanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenye kutaka kujifunza fundo aje Jumamosi asubuhi chini ya mwembe wa shule, alete uzi wowote hata wa gunia. Mzee atafundisha. Mimi nitashika rula.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kukausha samaki kwa moshi bila kumaliza kuni. Akina mama mnaojua njia za kwenu, andikeni kikaratasi mtie kwenye sanduku la darasa la P5, au mniambie tu njiani.

Mungu awalinde, tuonane.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.