Ribe Haijamaliza Kazi Yake

Imeenea mijini dhana, na siku hizi hata baadhi ya makasisi huikariri bila haya, ya kwamba kanisa la shamba ni athari tu ya wamisionari: Wazungu walilijenga, Wazungu wakaondoka, na kilichobaki ni makaburi, kengele na wazee wachache. Dhana hii ni batili, na ubatili wake humdhihirikia yeyote atakayekubali kuisoma tarehe ya Kanisa la Methodisti la Ribe, katika vilima vya nyuma ya Mombasa, jirani na Rabai.

Ni kweli kwamba mwaka 1862 mmisionari Thomas Wakefield alianza kazi huko kwa uongozi wa Johann Ludwig Krapf. Lakini mwenye insafu na aitazame jamaa ile ya kwanza ya wamisionari: maradhi yaliwatawanya, Krapf mwenyewe akarudi Ulaya, na Wakefield akabaki mpweke hata alipofika mmisionari mwenziwe, Charles New, mwaka 1863. Rebecca, mkewe Wakefield, alifia Ribe mwaka 1873. New, aliyeifikia theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871, alifariki mwaka 1875. Na huko Golbanti, kituo cha misheni hiyo hiyo kando ya mto Tana, John Houghton na mkewe waliuawa mwaka 1886 pamoja na baadhi ya waumini wao. Lau uhai wa kanisa lile ungalikuwa mikononi mwa Wazungu hao peke yao, lingalizikwa pamoja nao.

Waliolishika ni wengine, ambao majina yao aghalabu hayakuchongwa juu ya jiwe lolote. Walikuwamo Waribe wenyewe na Waoromo, alikuwamo W. H. During, Mwafrika wa Sierra Leone, aliyetumika katika misheni hiyo. Na walikuwamo watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, wakapanda vilima usiku, wakaomba hifadhi huku wakijua kwamba bwana wao aweza kuwafuata kwa silaha. Mtu wa namna hiyo, aliyepewa kipande cha ardhi, akajifunza kusoma, kisha akasimama kuwasomea wenziwe, ndiye mwasisi wa kanisa kwa haki ile ile aliyo nayo Wakefield. Hata mabwana walipolipwa fidia mwaka 1888 kwa ajili ya watoro waliokuwa katika misheni za pwani, wengi wao walikuwa wamekwisha kujifanya huru kwa miguu yao wenyewe.

Hivyo ndivyo kanisa hili linavyoenda hata leo. Kasisi mmoja huhudumia makanisa kadhaa, na Jumapili nyingi mimbari hushikwa na muumini asiyewekewa mikono, mkulima au mwalimu, aliyeandaa mahubiri yake baada ya kazi za siku. Mtu wa mjini huona hapo upungufu. Mimi naona ule ule utaratibu ulioliokoa kanisa wamisionari walipokuwa wakifa, na uliofika Meru mwaka 1912, hata Kanisa la Methodisti la Kenya likajitawala mwaka 1967.

Husemwa tena kwamba vijana wamehamia Mombasa na Nairobi. Wamehama, naam, lakini ni nani aliyewabatiza, akawafundisha kuimba, akawachangia karo, hata leo wakawa ndio wanaoyajaza makanisa ya mjini na kuyaongoza? Kanisa linalolea watu kisha likawatoa kwa wengine linatimiza wajibu wake. Na ni dhuluma kulihesabia hasara kile ambacho wengine wamekipokea kuwa faida.

Kwa hiyo nawasihi wajumbe wa sinodi, wakati wa kugawa fedha na makasisi, wasiyaweke makanisa ya shamba mwisho wa orodha kwa kisingizio cha uchache wa waumini. Na waziandike habari za wahubiri hao wasiojulikana, maadamu wajukuu wanaozikumbuka wangali hai.