Ngoma si Pambo la Wageni

Wako watu wasemao kwamba ngoma zetu zilikwisha kuokolewa zamani, na aliyeziokoa ni Mwalimu Julius Nyerere, kwa kuundiwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa. Wako na wengine, wengi wao wazee wa kanisa, wasemao kwamba afadhali zingeachwa zife. Sisi walimu wa Mbeya na Iringa twataka kuwajibu wote wawili, maana jambo hili latuhusu: ndio sisi tuwapangao watoto uwanjani.

Sifa itangulie, kwa kuwa ni haki yake. Mwezi wa Desemba 1962 Mwalimu aliwaeleza wabunge kwamba ameunda wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Akawauliza ni wangapi kati yao wajuao kucheza Gombe Sugu, Mangala, Kiduo au Lele Mama, hali rumba na chachacha wanazijua sana. Neno lile liliwachoma wengi, nalo lilistahili kuwachoma. Muda si mrefu wachezaji wakakusanywa Dar es Salaam kutoka pande mbalimbali za nchi, wakalipwa mshahara kama karani alipwavyo. Huyu akajifunza ngoma ya yule. Sindimba ya Wamakonde ikachezwa na watu wasiojua hata Newala iko wapi. Vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi, na kikundi chao kikaanza 1969. Asemaye kwamba kazi ile haikuwa kitu hasemi kweli.

Lakini tutazame na upande wa pili. Sindimba ilikuwa na mahali pake, katika mambo ya jando na unyago. Ilipopandishwa jukwaani mahali pale palibaki nyuma, na kilichosafiri ni viuno tu, hata wengine wakaanza kuona aibu juu ya ngoma ambayo kwao haikuwa na aibu. Ngoma ya usiku kucha ikakatwa ikawa ya dakika chache. Wachezaji wakapangwa mistari, nyuso zao zikielekea kwa mgeni, wala si kwa wenzao. Kisha ilipokaribia 1980 vikundi vile vya taifa vikavunjwa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa 1981, na marehemu Hukwe Zawose, Mgogo yule mwenye zeze na marimba, akafundisha huko. Vikundi vingine vikashika njia ile ile: Muungano ya Norbert Chenga tangu 1980, na TOT ya Kapteni John Komba tangu 1992. Haya yote yalikuwa ya pwani. Kijijini kwetu kilichofika ni ule mtindo wa kukata tu, wala mshahara haukufika.

Na hapa tuseme kweli juu ya nafsi zetu. Mgeni mkubwa akitazamiwa, watoto husimama juani tangu saa mbili asubuhi. Mgeni afika saa saba. Ngoma yachezwa dakika tano, mshereheshaji anyosha mkono, basi, imekwisha. Mzee aliyewafundisha ing'oma kwa majuma matatu, akija kwa miguu kila jioni, apewa soda moja na ahsante. Mwenye spika na mwenye turubai wamekwisha kulipwa kabla ya siku ile. Tukiuliza, twaambiwa hakuna fungu la ngoma. Haja ya fungu la spika ilijulikanaje?

Kwa wazee wa kanisa twasema kwa heshima. Wamisheni wa Moravian na wa Berlin walipofika Unyakyusa mwaka 1891 walizikuta ngoma pamoja na pombe na matambiko, wakaogopa, na hofu yao haikuwa bure. Godfrey Wilson, aliyekaa huko katika miaka ya 1930, aliandika jinsi wanaume walivyocheza kwa mikuki penye maziko. Na Mkristo aliyetaka kumzika baba yake kwa nyimbo za kanisa ilimpasa kujitenga na ngoma ile. Tunalielewa jambo hilo. Lakini leo kwaya zetu zapiga ngoma ndani ya kanisa, na hakuna anayetoka nje kwa hasira. Basi yule mtoto wa darasa la sita ajifunzaye ing'oma kwa babu yake amekosa nini? Kumkataza hakumrudishi kwenye zaburi. Kwampeleka kwenye muziki wa simu, ambao maneno yake wazee hawajapata kuyasikiliza.

Wako watakaosema twamshambulia Mwalimu. Sivyo. Naye alikuwa mwalimu kama sisi, na swali lake la 1962 twalishika bado. Tunachokataa ni kulifanya jibu lake la kwanza kuwa jibu la mwisho. Yeye aliuliza ni nani ajuaye kucheza. Hakuuliza ni nani ajuaye kusimama mstari.

Kwa hiyo shule ikitakiwa kuleta ngoma, twaomba iambiwe miezi miwili mbele, si siku nne. Mzee aitwe darasani, awaeleze watoto maneno ya wimbo na sababu ya kila hatua, hata yale yasiyochezwa siku hiyo. Ngoma ipewe nusu saa, na mgeni asiyeweza kukaa nusu saa aletewe kwaya ya wimbo mmoja. Na katika karatasi ya gharama za sherehe, chini ya spika na turubai, liandikwe jina la mzee na kiasi chake, naye atie sahihi kama wenzake.